Midomo Ikifungwa

Kwetu Bukavu nilikuwa mwigizaji kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda wote huo sikuwahi kuogopa jukwaa. Niliogopa vitu vingine vyote: mbwa, radi, mama mkwe, mtu yeyote mwenye bunduki. Lakini jukwaani nilikuwa simba. Basi nione nilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2017, Arlington, Texas, nimesimama ndani ya gereji ya nyumba ya mtu, magodoro yameegemezwa ukutani kila upande, hedifoni masikioni, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi kwa sababu ya sentensi moja ya Kifaransa. Baba kwenye skrini alikuwa anamfukuza mwanawe nyumbani. Mimi nilitakiwa kumfukuza pamoja naye, na kila mara alinitangulia.

Gereji ilikuwa ya Mkenya mmoja aliyeishi Arlington miaka mingi. Alikuwa amepata mkataba wa kuchukua filamu za Kinaijeria, zile za baba mkali, mama wa kambo na mchungaji wa uongo, na kuzitia sauti za Kifaransa ili zioneshwe kwenye televisheni za Kinshasa, Abidjan na Bujumbura. Waigizaji tulikuwa watano, Wakongo na Warundi. Siku za kazi tulipakia maboksi kwenye maghala au kuogesha wazee wa watu. Jumamosi tuligeuka kuwa matajiri wa Lagos wanaogombea shamba.

Cha ajabu ni kwamba yule Mkenya hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Alichokijua ni midomo. Alikaa mbele ya kompyuta akiutazama mdomo wa mtu kwenye skrini kama mama anavyoyatazama maziwa jikoni yasije yakafurika.

"Buda, lips zimefungwa na wewe bado unaongea," aliniambia siku ile ya kwanza. "French sijui, lakini macho niko nayo. Rudia."

Nilirudia mpaka koo likakauka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya gereji, na haikuwa na nyingine: mdomo ukifungwa, sauti ife. Shida ni kwamba Kifaransa kina maneno mengi. Mnaijeria anasema neno moja la Kiingereza na kufunga mdomo, nawe bado uko katikati ya heshima na adabu za Kifaransa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukata.

Mkataji wetu alikuwa Mrundi, mama wa makamo, ndiye aliyenipeleka pale. Tulikuwa majirani kwenye nyumba za kupanga za Lewisville, yeye ghorofa ya chini na mimi ya juu, na alinisikia nikisoma somo la kwanza kanisani. Baada ya misa alinishika mkono akasema sauti ile isiozee kwenye maboksi. Alikuwa amekulia Bujumbura na kusoma kwa Kifaransa, kisha akapitia kambi za Tanzania kabla ya kufika Texas, ambako sasa alikuwa raia na mfanyakazi wa nyumba ya wazee. Nilimwita dada, naye aliniita kaka. Yeye ndiye aliyetafsiri maandishi ya filamu, na kalamu yake nyekundu ilikuwa haina huruma. Aliitazama sentensi, akautazama mdomo, akafuta maneno matatu, na wewe msomaji usingejua kulikuwa na kitu. Tukilalamika alijibu daima kwa jibu moja: "Kinachobaki kinatosha."

Nilimstaajabia. Nilijifunza kwake kukata hata nilipokuwa nazungumza na mke wangu kwenye simu.

Mke wangu na binti yetu walikuwa Bujumbura, kwa shangazi wa mke wangu, katika chumba kimoja nyuma ya duka. Niliwaacha mwanzoni mwa 2017, nilipopata viza ya kuja kwenye mkutano wa watu wa maigizo, na nilipofika niliomba hifadhi nisirudi. Mambo yalikuwa mepesi kueleza na mazito kubeba. Nikikubaliwa, wale wawili wataruhusiwa kunifuata. Nikikataliwa, nitapelekwa mbele ya hakimu, na baada ya hakimu kuna ndege ya kunirudisha kwa watu niliowakimbia. Binti yangu alikuwa na miaka minne nilipoondoka. Kila nilipofunga macho nilimwona anakua bila mimi, na hilo lilinitisha kuliko ndege.

Niwaeleze pia habari za hao watu. Kundi letu lilikuwa na mchezo wa kuchekesha kuhusu kizuizi cha barabarani na askari wanaowatoza akina mama wa sokoni. Mimi nilikuwa komanda. Nilikuwa na koti kuukuu la kijani tulilolinunua kwenye mitumba, kubwa kunizidi, na watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Siku moja malaria ilinilaza, rafiki yangu akalivaa koti akacheza nafasi yangu. Mchezo ulipokwisha walikuja wanaume watatu wakauliza kwa upole komanda ni nani. Rafiki yangu alidhani wanataka kumpongeza. Akainua mkono, koti bado liko mwilini. Hakuonekana tena. Baada ya siku tatu watu walewale walikuja nyumbani kwangu wakauliza jina langu, kwa kuwa walikuwa wamegundua kwamba waliyemchukua si yule waliyemtaka. Nilikuwa nimelala kwa dada wa mama yangu. Sikulala nyumbani tena.

Hayo ndiyo yote, na yanasemeka kwa dakika moja.

Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lewisville ilikuwa imejaa unyasi. Gari jeupe likisimama chini ya ngazi, nilizima taa. Mleta vifurushi akigonga, nililala chini nyuma ya kochi, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka hatua zake zishuke. Ghalani, msimamizi akiita jina langu kwenye kipaza sauti, nilitafuta kwanza mlango wa nyuma, hata kama alitaka tu kuniuliza juu ya zamu. Miaka ile kila mtu pale kwetu alikuwa na habari ya mtu aliyechukuliwa na maafisa wa uhamiaji asubuhi akienda kazini. Pengine nyingine zilikuwa za uongo. Hofu haiulizi.

Halafu siku moja mke wangu akanipigia akiwa anacheka.

"Mutoto anasema alisikia sauti yako mu televizio," akaniambia.

Binti yangu akapewa simu. "Papa, njo weye ulikuwa unafukuza ule kijana?"

Nilicheka naye, nikamfukuza yule kijana mara mbili tena kwa simu ili afurahi. Nilipokata simu, nilikwenda kukagua kitasa cha mlango. Kama mtoto wa miaka mitano alinitambua ndani ya mdomo wa Mnaijeria, wanaume watatu wa Bukavu wangeshindwa nini? Jumamosi iliyofuata nilimwomba Mkenya asiweke jina langu mwisho wa filamu. Akasema hakuna jina la mtu yeyote mwisho wa filamu, nitulie. Sikutulia. Tangu siku hiyo nilizungumza kwa koo la mzee mvuta tumbaku, na nikaanza kupewa mababu tu.

Barua ya mahojiano ilikuja mwanzoni mwa 2019. Nifike Houston, asubuhi, tarehe fulani, na nije na mkalimani wangu mwenyewe. Wakili aliyenisaidia, binti mdogo mwenye kesi nyingi kuliko masaa, alisema siku hiyo atakuwa mahakamani Dallas. Alinipa maagizo matatu. Nisifanye mazoezi ya maelezo yangu, kwa kuwa afisa atasikia. Nijibu ninachoulizwa tu, nisianze kujisifia uigizaji. Na mkalimani awe mtu wa kusema kila kitu, hata nikikohoa akohoe.

Nilimwendea dada jioni ileile kumwomba awe mkalimani wangu. Alikuwa anakaanga ndizi. Hakuacha kukaanga.

"Nani mwingine anajua sauti yako?" akasema.

Niliona ameniokoa. Hata leo sijui kwa nini mtu mwoga kama mimi, anayekagua kitasa cha mlango mara tatu, hakuogopa mahali palipostahili kuogopwa.

Tuliondoka kwa gari lake siku moja kabla, saa nne asubuhi. Kutoka kwetu hadi Houston ni zaidi ya saa nne za barabara iliyonyooka, na kabla ya kufika Corsicana tulikuwa tumeshavunja agizo la kwanza la wakili. Nilisimulia, yeye akaweka kwa Kiingereza. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya: mimi nilimaliza, yeye bado anahangaika. Mara ya pili akasema, "Hapa ni ndefu, kaka," na mimi, mpumbavu, nikakubali ni ndefu. Tukapunguza malaria. Tukapunguza shangazi na duka. Mara ya tano tulikuwa tunakwenda pamoja, nikifunga mdomo naye anafunga, na tulipovuka Huntsville tulikuwa tumefurahi kama siku ile Mkenya aliposema filamu nzima imekaa sawa. Sikutambua kwamba nimekaa kwenye gari na mtu niliyemwamini kuliko wote, nikimfundisha kunimaliza.

Usiku ule tulilala Houston, mtaa wa Gulfton, kwa binamu wa dada, nyumba ya vyumba viwili na watu tisa. Walitukaribisha kwa ugali na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na baba mwenye nyumba akatuombea rozari nzima kabla ya kulala. Mimi sikulala. Nilihesabu feni ikizunguka.

Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha. Afisa alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mwenye mafua, boksi la karatasi za pua mbele yake. Juu ya meza palikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na mtu. Afisa alieleza kwamba huyo ni mkalimani wa serikali, hatatafsiri, kazi yake ni kusikiliza tu kama wetu anatafsiri sawa. Yule mtu akanisalimia kwa Kiswahili safi cha Tanzania, kile cha taarifa ya habari. Nikaona aibu kwa Kiswahili changu, nikaamua kuongea kama nilivyofundishwa shuleni. Tulikula kiapo sote watatu, dada akiwa ameinua mkono ulionyooka kama wa komunyo ya kwanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Jina, wazazi, shule, mke, mtoto. Kisha afisa akasema nimweleze kwa nini naogopa kurudi.

Nilipofika kwa wale wanaume watatu, niliyasema maneno yao kwa kunong'ona, maana hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Dada akayapokea, na Mungu amsamehe, akayaigiza. Akatoa sauti ya mwanamume. Akanyoosha kidole. "Who is the commander?" alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwapa majambazi kwenye filamu walipokosekana wanaume wa kutosha. Afisa akaacha kuandika. Akamwambia, bila ukali, kwamba hahitaji sauti, anahitaji maneno tu. Dada akaomba radhi. Nikaona shingo yake imeota vipele vyekundu, nikaanza kuogopa kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Nikaendelea. Nikasema kwamba rafiki yangu aliinua mkono kwa sababu alikuwa amecheza nafasi yangu siku ile, alikuwa bado amevaa koti langu, na wao walikuwa wanamtafuta mwenye koti. Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu husema haraka, kwa hiyo nilisema upesi nikafunga mdomo. Dada alinitazama mdomoni. Nilimwona akinitazama mdomoni.

"They took my friend," akasema. Walimchukua rafiki yangu, basi.

Kwisha. Kiingereza changu hakikuwa kingi, lakini hicho kilitosha kujua kwamba koti halimo. Afisa akaandika, akapenga kamasi, akauliza: ikiwa walimpata waliyemtaka, wewe unaogopa nini?

Nilijua kwamba maisha ya watu watatu yamebaki nje ya sentensi. Nilijua pia nikisema mkalimani wangu amekosea, afisa anaweza kusimamisha mahojiano, kutupa tarehe nyingine ya mwaka gani sijui, au kuandika kwamba nimebadilisha maelezo nilipoona swali gumu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilimwona binti yangu ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili. Nilikuwa mwoga mpaka pale.

Simu ndiyo iliyosema. Yule Mtanzania alisema kwanza kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Samahani. Mkalimani ameacha maneno. Ameacha habari ya koti, na kwamba walikuwa wakimtafuta mwenye koti."

Afisa akaweka kalamu chini. Akamgeukia dada akamuuliza kwa nini ameyaacha. Dada angeweza kusema hakusikia vizuri, na mimi moyoni nilimsihi aseme hivyo. Lakini alikuwa amekula kiapo, na ni Mkatoliki wa kweli. Akasema kwa Kiingereza, akiitazama mikono yake, kwamba wao kazi yao ni kukata, kwamba mtu akifunga mdomo yeye hunyamaza, ni mazoea. Afisa akauliza kazi gani hiyo. Na hapo yote yakamwagika mezani: gereji, filamu, Jumamosi, mimi na yeye na sauti zetu. Agizo la pili la wakili likaenda kulala na la kwanza.

Afisa alinigeukia mimi sasa. Akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu siku niliyojaza fomu.

Alisema: wewe kazi yako ni kuigiza, na huyu kazi yake ni kukuigiza wewe. Nitajuaje kwamba sasa hivi huigizi?

Kwetu tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi sikuwa na kimojawapo. Nilijaribu kulia, nakiri, nilijaribu kwa makusudi, kwa kuwa ni ujuzi ninao. Hayakuja hata machozi ya kuazima. Nikajibu kilichokuwepo.

"Mama, kule gereji nikihesabiwa moja mpaka tatu nalia. Hapa nimekaa saa mbili na machozi yamekataa. Sijui kukuonesha. Naogopa tu."

Dada akatafsiri. Aliweka kila neno. Hakuacha hata lile "Mama". Na sauti yake ilikuwa imekufa kabisa, haikuwa na mimi ndani yake wala yeye, ilikuwa sauti ya kusoma majina ya dawa za wazee asije akamtilia mtu kidonge cha mwingine.

Afisa akasema turudie kutoka mwanzo, sentensi moja, tafsiri moja. Tulirudia. Malaria ikarudi, shangazi akarudi, duka likarudi, koti likarudi na rangi yake na vifungo vilivyopungua. Nilisema, nikafunga mdomo, na dada akaendelea kusema mimi nikiwa nimenyamaza kitambo. Mtu wa kwenye simu hakusema tena neno. Tulipotoka, jua la Houston lilikuwa kali na dada akatapika karibu na gurudumu la gari lake.

Njia nzima ya kurudi hatukuwasha redio. Nilimchukia kutoka Houston mpaka Huntsville. Kutoka Huntsville mpaka Corsicana nilijichukia mwenyewe, kwa kuwa nilikumbuka ni nani aliyekubali kwamba hadithi ni ndefu. Baada ya Corsicana sikuwa na nguvu ya kumchukia mtu. Alisema nimsamehe. Nikasema si kitu, nikalisema vizuri sana, na yeye anazijua sauti zangu zote, akaanza kulia huku anaendesha.

Kisha ikaja kungoja, nayo ni kazi ngumu kuliko ghala. Masanduku ya barua pale kwetu yako yote pamoja karibu na geti, milango midogo ya bati, na langu lilikuwa la chini kabisa, kwa hiyo nililipigia magoti kila siku. Majirani walikuwa na elimu yao: bahasha nene ni heri, nyembamba ni shari. Wengine walisema kinyume chake. Niliota bahasha. Mke wangu aliacha kuuliza, na kuacha kwake kulinitisha kuliko maswali.

Gerejini mambo yaliharibika. Dada hakutaka tena kukata. Alileta maandishi yenye kila neno, na baba wa Lagos alikuwa ameshafunga mdomo, ameshatoka mlangoni, ameshapanda gari, sisi bado tunamsemea. Mkenya alifikiri amechukizwa na malipo. Akambembeleza, akamtania, mwisho akamuuliza shida ni nini. Dada akamjibu kwamba kinachobaki hakitoshi. Akarudisha kalamu nyekundu, akabaki kusoma nafasi zake tu. Mimi na yeye tulisalimiana vizuri, tulipeana lifti kwenda kanisani, lakini kati yetu kulikuwa na lile koti.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukafunga gereji. Mkenya alitaka kila mtu arekodi kwake, na mimi nilikuwa napiga kelele za mababu ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani. Kule kazini kwa dada wazee walikuwa wanakufa. Aliacha kuja kanisani, aliacha hata kutupungia mkono ngazini, asije akatuletea. Nilikuwa na hofu mbili sasa, na sikujua ipi inanikaba kifua: kama ni ile ya barua au ni ugonjwa wenyewe umeingia.

Bahasha ilikuja siku ya kazi, adhuhuri. Haikuwa nene wala nyembamba. Nilipanda nayo juu nikaiweka mezani, nikaosha mikono, nikakaa kuitazama. Kufikia hapo Kiingereza nilikuwa nakisoma. Ningeweza kuifungua mwenyewe kwa dakika moja. Vidole vilikataa. Nikampigia dada. Sikuwa nimepanga kumpigia yeye, lakini hakuna mwingine niliyemfikiria.

Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na nguo zake za kazi, barakoa usoni, glavu mikononi. Hakukubali kupanda. Nikaiweka bahasha juu ya boneti ya gari lake nikarudi nyuma hatua sita, kama alivyoniamuru, nikakaa kwenye ukingo wa maegesho. Aliichana pembeni taratibu. Akatoa karatasi. Nikamtazama mdomoni.

Mdomo haukuwepo. Kulikuwa na kitambaa cha bluu. Miaka mitatu nilikuwa nimefanya kazi ya kutazama midomo, na siku niliyouhitaji mmoja sikuuona.

Akaanza kusoma. Alisoma jina la ofisi. Alisoma mtaa wake na namba ya jengo. Alisoma tarehe, alisoma jina langu lote, alisoma namba ya faili yangu tarakimu moja moja. Sentensi ya Kiingereza, kisha ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza. Sauti ilikuwa ileile ya Houston, iliyokufa, haina heri wala shari, na ndani ya sauti hiyo sikuweza kujua lolote. Nilitaka apige kelele. Nilitaka alie, ili nijue. Barua hii inahusu ombi lako la hifadhi, akasoma. Akasoma namba ya fomu. Moyo wangu ulikuwa unagonga masikioni kiasi kwamba niliogopa nitalikosa neno lenyewe. Akasoma kwamba imeamuliwa. Akageukia Kiswahili: imeamuliwa kwamba umepewa hifadhi. Na hakusimama hapo. Hakuinua macho. Akasoma kwamba naweza kumwombea mke na mtoto, na ndani ya muda gani, na kwa fomu ipi. Akasoma kuhusu kuhama makazi, kuhusu kutosafiri bila ruhusa, akasoma jina la aliyetia sahihi, akasoma hadi yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu duniani anayeyasoma, na namba ya ukurasa.

Kisha akaishusha karatasi. Nilibaki nimekaa. Nilisubiri furaha, ikaja hofu ileile niliyoizoea, imekaa palepale.

"Dada," nikamwambia, "hakuna kenye umeacha?"

Akaikagua karatasi mbele na nyuma. Juu ya kitambaa macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti haikutikisika.

"Sijaacha kitu, kaka. Hata nukta."

"Rudilia," nikasema. "Anzia kwa adresi."

Akaiinua upya, akaanza na jina la ofisi.